Kufundisha Neno "Odd" katika Shule ya Msingi: Witiri, Ushei na Ajabu

Utangulizi

Mwanachuo anapoandaa somo la Kiingereza la Darasa la Tano hukutana mara nyingi na neno fupi la herufi tatu, "odd". Hufungua kamusi, akachukua maana moja inayomfaa, akaiandika ubaoni: odd ni "-a ajabu". Wanafunzi hunakili katika madaftari yao na somo huendelea. Baada ya muda hukutana na zoezi lenye maneno "odd numbers". Mwanafunzi mwenye kufikiri hunyoosha kidole, akauliza: namba 7 ina ajabu gani?

Swali hilo ni la haki, na mwalimu asilikwepe. Katika shule zetu za msingi za Serikali, karibu zote, Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia tangu mwaka 1967, na Kiingereza ni somo. Lakini mwanafunzi huyo huyo akiingia Kidato cha Kwanza atasomeshwa Hisabati kwa Kiingereza. Akiwa amebeba "ajabu" peke yake, sura ya namba itamshinda kwa sababu ya neno, wala si kwa sababu ya hesabu. Namba witiri alizijua tangu zamani. Jina lake la Kiingereza ndilo alilofundishwa nusu.

Katika makala haya tutajaribu kuonyesha maana kuu za neno hili na uhusiano wake na maneno yanayokaribiana nalo, kisha tutapendekeza namna ya kulifundisha kwa kutumia mazingira ya Mwanza na ufuko wa Ziwa Victoria. Hoja yetu ni moja. Maana ya msingi ya "odd" si ajabu, bali ni kitu kilichobaki bila mwenzi. Mwalimu akianza hapo, maana nyingine zitafuata kwa taratibu.

Asili ya neno

Waingereza walilipata neno hili kutoka katika lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, ambao waliingia na kukaa Uingereza kuanzia karne ya 9. Katika lugha hiyo "oddi" lilikuwa ncha, pembe ya pembetatu, au ncha ya nchi kavu inayochomoza majini, yaani rasi. Pembetatu ina pembe mbili zinazotazamana chini, na ya tatu imebaki peke yake juu. Hivyo neno likapewa namba ya tatu, kisha kila namba inayobakiza moja baada ya kugawanywa kwa jozi. Watu hao pia walikuwa na jina lililotokana na neno hilo hilo kwa mtu wa tatu ambaye kura yake huamua pale wawili wanapovutana. Maana ya ajabu ilikuja kuzoeleka baadaye, kufikia mwishoni mwa karne ya 16: kitu kisicho na mwenzi kikaonekana kuwa kitu kisicho cha kawaida.

Mwalimu wa Kiswahili hatapata taabu kuielewa njia hiyo. Sisi tuna maneno mawili tuliyoyapata kutoka Kiarabu, shufwa na witiri. Shufwa ni kile kilicho jozi. Witiri ni kile kisichogawanyika kwa jozi. Waislamu huijua sala ya witiri, ambayo rakaa zake huwa witiri. Tofauti ni kwamba neno letu limebaki katika hesabu na ibada, halikuvuka likawa ajabu. Hatusemi "mtu witiri". Kwa hiyo neno moja la Kiingereza linahitaji maneno kadhaa ya Kiswahili, na hapa ndipo kosa la ubaoni linapoanzia.

Katika Usukuma upo mfano mwingine ulio karibu zaidi na mtoto. Mapacha huitwa Kulwa na Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Kulwa na Doto ni jozi, yaani shufwa. Shija ni wa tatu, na pamoja naye hesabu inakuwa witiri. Hata hivyo hakuna anayemwona Shija kuwa kioja. Jina lake linaeleza mahali pake katika hesabu ya nyumba. Vivyo hivyo mafiga ni matatu, na la tatu ndilo linalokifanya chungu kisimame. Mwalimu akiieleza mifano hii miwili, darasa litakuwa limeipata maana ya kwanza ya "odd" kabla ya kulisikia neno la Kiingereza.

Matumizi makuu

(a) Namba. "Seven is an odd number." Saba ni namba witiri. Hapa neno halina sifa wala lawama.

(b) Kitu kilichopotewa na mwenziwe. "I found an odd sandal on the shore." Niliokota kandambili moja ufukoni, isiyo na mwenziwe. Kila mtoto wa Igombe au Ukerewe amewahi kuiona kandambili ya namna hiyo ikiwa imeletwa na mawimbi. Jina lenyewe la kandambili lina mbili ndani yake, kwa hiyo ikiwa moja, upungufu unaonekana mara moja. Hii ndiyo zana bora kupita zote kwa somo hili, nayo haina gharama.

(c) Ziada juu ya hesabu kamili. "There were thirty-odd passengers in the boat." Ndani ya mashua mlikuwa na abiria thelathini na ushei. Neno letu ushei linafaa kabisa, na wanafunzi wengi hawajalisikia, basi wapate mawili kwa siku moja. Mwalimu awe mwangalifu na kistari. "Thirty-odd passengers" ni abiria thelathini na kitu. "Thirty odd passengers", bila kistari, inaweza kusomwa kuwa abiria thelathini wa ajabu. Kistari kimoja kimewaokoa watu thelathini na dharau.

(d) Jambo la hapa na pale, lisilo na utaratibu. "He does odd jobs at Kirumba market." Hufanya vibarua vya hapa na pale katika soko la Kirumba. Kazi zenyewe si za ajabu: kupakua ndoo za dagaa, kusukuma mkokoteni, kuosha samaki. Zinaitwa "odd" kwa kuwa hazifuatani kama kazi ya kudumu. Kwa maana hiyo hiyo Waingereza husema "the odd visitor", mgeni wa mara moja moja.

(e) Jambo lisilo la kawaida. "It is odd that the ferry has left early." Si kawaida kivuko kuondoka mapema. Hii ndiyo maana iliyozoeleka kwa wanachuo, nayo ni ya mwisho kufundishwa, si ya kwanza.

Kuna kipimo rahisi cha kutenga maana ya (e) na zilizotangulia. Maana ya (e) peke yake ndiyo inayokubali kulinganishwa na kuongezewa nguvu. Tunaweza kusema "very odd", "odder", "the oddest story". Hatuwezi kusema kwamba 7 ni "odder" kuliko 5, kwa kuwa namba ama ni witiri au si witiri. Mtu akisema "a very odd number" amekwisha kutoka katika hesabu. Anasema namba hiyo inamshangaza. Wanachuo wakishike kipimo hiki, maana kitawafaa pia katika kusahihisha.

(f) Wingi, "odds". Neno likiingia katika wingi hubadilika sana. "The odds are that it will rain" ni kusema kwamba yaelekea mvua itanyesha. "They are at odds" ni kusema hawaelewani. "Odds and ends" ni vikorokoro, yaani vitu vidogo vidogo vilivyobaki baada ya vingine kupangwa. Yafaa mwalimu ayajue haya, lakini ayaache kwa madarasa ya mbele.

Neno moja juu ya matamshi. Kwa kuwa silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, wanafunzi wengi hutamka "odi", na masikioni linakaribia "hodi". Mwalimu awazoeze kufunga ulimi kwenye konsonanti ya mwisho kwa jozi za maneno kama "odd" na "body", ili waisikie tofauti ya neno lisilo na irabu mwishoni na lenye nayo.

Jamaa za neno hili

Mwalimu hana budi kujua maneno manne yanayochanganywa na "odd".

La kwanza ni "strange". Asili yake ni Kilatini, kupitia Kifaransa, nalo lilimaanisha kilicho cha nje. Kiswahili kina mzizi wenye tabia hiyo hiyo: -geni. Jambo geni ni jambo lisilozoeleka, na mgeni ni mtu aliyetoka nje ya nyumba. Lakini kufanana huku kuna mtego. Mwanafunzi huandika "We had two strangers at home and my mother cooked for them," akikusudia kusema wageni wawili waliopikiwa. Mwingereza ataelewa kwamba watu wawili wasiojulikana kabisa walikuwamo nyumbani, na atashangaa kusikia mama aliwapikia. Wageni wetu wa mezani ni "guests" au "visitors". Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. "Stranger" wa Kiingereza haji na uponyaji huo.

La pili ni "peculiar". Likifuatwa na "to" lina maana ya kuwa mali ya mahali pamoja tu. "Many kinds of furu are peculiar to Lake Victoria" haisemi kwamba furu ni vituko. Inasema kwamba aina nyingi za furu hazipatikani penginepo duniani, jambo ambalo ni kweli.

La tatu ni "funny". Wanafunzi hulijua kwa maana ya kuchekesha. Lakini mama akinusa samaki na kusema "This fish smells funny," hakuna wa kucheka. Samaki ameanza kuharibika.

La nne ni "queer". Katika vitabu vya hadithi vya zamani, ambavyo bado vimo katika baadhi ya maktaba zetu, lilikuwa na maana ya -a ajabu tu. Baadaye lilitumika kama tusi kwa watu wanaopenda watu wa jinsia yao, na leo baadhi ya watu hao wamelichukua kuwa jina lao wenyewe. Mwanachuo akilikuta katika kitabu cha zamani aeleze maana ya zamani, wala asilitumie katika sentensi zake.

Somo la mfano

Darasa: la Tano. Muda: dakika 40.
Madhumuni: mwisho wa somo mwanafunzi aweze kutumia "odd" kwa maana ya namba, ya kitu kisicho na mwenzi, na ya jambo lisilo la kawaida, na aweze kutoa sababu kwa kutumia "because".
Zana: vizibo vya soda 15, kandambili moja, picha au mchoro wa majabali ya Mwanza.

Hatua ya kwanza. Kila kikundi kipewe vizibo na kivipange viwili viwili. Kikundi chenye 7 kitabakiwa na kimoja. Chenye 8 hakitabakiwa. Mwalimu aonyeshe kizibo kilichobaki na kusema "This is the odd one." Kisha aandike: "Seven is an odd number. Eight is an even number." Ndipo aonyeshe kandambili na kuuliza: "Why is this sandal odd?" Jibu linalotakiwa ni kwamba haina mwenziwe.

Wanachuo wengi hupenda kuwapanga wanafunzi wenyewe wawili wawili ili mmoja abaki. Hatuipendekezi njia hiyo. Anayebaki mara nyingi ni yule yule ambaye wenzake hawamchagui, naye atakwenda nyumbani na neno jipya la Kiingereza lililobandikwa kwake. Kizibo hakina moyo, kitumike kizibo.

Hatua ya pili. Zoezi la "odd one out", yaani kutafuta kisichohusiana na vingine. Mwalimu aanze na jepesi: sato, dagaa, sangara, kasia. Wote watasema kasia, kwa kuwa si samaki. Kisha aandike: sato, dagaa, sangara, furu. Hapa asiwe na jibu moja mfukoni. Mwanafunzi ajaze sentensi hii: "I think ... is the odd one out because ..." Mmoja atasema dagaa, kwa kuwa hununuliwa kwa kipimo bila kuhesabiwa mmoja mmoja. Mwingine atasema sangara, kwa kuwa hula samaki wenzake, au kwa kuwa aliletwa. Ni kweli kwamba sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, akaongezeka sana katika miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikapungua. Lakini mtoto wa mvuvi anaweza kupinga kwamba sato wengi wa leo nao ni wa jamii iliyopandikizwa katika miaka hiyo ya 1950. Mtoto huyo apongezwe. Kilichofundishwa hapa ni kwamba "odd" hutegemea kipimo ulichochagua, na aliyetoa sababu nzuri amepata.

Hatua ya tatu. Mwalimu aonyeshe mchoro wa majabali yaliyobebana, kama yale ya Bismarck Rock yanayoonekana ziwani mbele ya mji. Aandike sentensi mbili: "The rocks look odd to Neema, who comes from Dar es Salaam. They do not look odd to Shija, who lives at Mabatini." Aulize: kwa nini? Wanafunzi wataona wenyewe kwamba mawe ni yale yale. Macho ndiyo tofauti. Shija amezaliwa akiyaona, na nyumba yao huenda imejengwa katikati yake. Kwa hiyo maana ya ajabu humhusu mtazamaji kuliko kitu kinachotazamwa.

Tathmini: kila mwanafunzi aandike sentensi tatu, moja kwa kila maana, akitumia vitu vya nyumbani kwao.

Tahadhari juu ya kutumia neno hili kwa watu

Tumefikia sehemu ambayo hatungependa mwanachuo yeyote aipite haraka. Vitabu na walimu hupenda kutoa mifano ya "odd" na "strange" kwa sura za watu: mwenye kuandika kwa mkono wa kushoto, mwenye kigugumizi, mwenye ngozi isiyofanana na ya wengine. Mfano hutolewa kwa dakika moja. Jina hudumu mpaka Darasa la Saba.

Katika Kanda ya Ziwa jambo hili si dogo. Kuanzia mwaka 2006 na miaka iliyofuata, watu wenye ualbino, wakiwamo watoto, waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa yetu kwa sababu ya imani za kishirikina. Imani hizo zilijengwa juu ya wazo moja, kwamba mtu huyo si mtu kama wengine bali ni kitu cha ajabu chenye nguvu. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 13 Juni kila mwaka, tangu mwaka 2015, kuwa siku ya kuelimisha watu juu ya ualbino. Mwalimu ana siku zote nyingine za mwaka.

Naye anao ukweli wa kusema. Ualbino ni hali ya kurithi, ambayo mtoto huipata kutoka kwa wazazi wote wawili, nayo hupunguza rangi ya ngozi, nywele na macho. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi haoni vizuri mbali. Aketi karibu na ubao, aandikiwe kwa herufi kubwa, aruhusiwe kuvaa kofia na mikono mirefu juani, na asipangwe katika kazi za nje saa za jua kali. Aitwe kwa jina lake. Ikibidi kutaja hali yake, aitwe mtoto mwenye ualbino, si kwa yale majina ya mitaani. Haya si nje ya somo la Kiingereza. Mwalimu aliyefundisha hatua ya tatu vizuri, kwamba ajabu imo katika macho ya mtazamaji, amekwisha kulipa darasa hoja ya kujibu dhihaka.

Kanuni yetu basi ni hii: sentensi za mfano za neno "odd" zihusu namba, vitu, kazi, na matukio. Mwanafunzi akitunga sentensi inayomhusu mwenzake, mwalimu asimkaripie mbele ya darasa. Amwombe abadilishe kitenzi, aeleze kitu alichokiona kikitendeka badala ya mtu alivyo. "It is odd that Juma is late" inakubalika, kwa kuwa huenda Juma huwahi daima. "Juma is odd" haimfundishi mtu Kiingereza zaidi ya ile ya kwanza, na humuumiza Juma.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Tafsiri kwa Kiswahili fasaha bila kutumia neno ajabu zaidi ya mara moja: "an odd glove", "forty-odd cows", "odd pages", "an odd noise", "odd jobs".
2. Tunga zoezi la "odd one out" lenye maneno manne ya shambani au ya sokoni, ambalo lina majibu mawili ya haki. Andika sababu za yote mawili.
3. Pitia kitabu kimoja cha kiada cha Kiingereza. Orodhesha sentensi zenye "odd", "strange" au "funny" zinazohusu watu, na pendekeza nyingine za kuwekwa badala yake.
4. Uliza wazee wa nyumbani kwenu majina wanayopewa watoto kutokana na namna walivyozaliwa, kama vile Kashinje kwa aliyetanguliza miguu. Jadilini darasani: majina hayo yanamtenga mtoto au yanampa mahali?

Hitimisho

Tumeona kwamba "odd" lilianza katika kuhesabu, likapita katika vitu vilivyopotewa na wenzi wao, katika ushei na vibarua, na mwishowe likafika katika ajabu. Mwalimu akifuata njia hiyo hiyo, kutoka kwenye vizibo hadi kwenye majabali, wanafunzi watalishika neno lote, na wataingia Kidato cha Kwanza bila kuionea namba 7 ajabu. Kabla ya kuandika alama ya "ni sawa na" ubaoni, mwanachuo ajiulize kwanza neno hilo limetoka wapi, linatumika kwa nini, na likitamkwa darasani litamwangukia nani.